Kanga Ilirudi, Jina Likabaki

Shuka la kumi na nne linapanda kambani, na jua bado halijavuka ukuta wa zahanati. Mwanamke mfupi, vidole vimepauka kwa jiki, anashika kona mbili, anakung'uta, anabana. Haangalii anachofanya. Sikio lake liko dirishani, kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira kwenye nondo.

"Mimi ni Tusajigwe Mbwana, tuko pamoja mpaka saa nne," inasema redio.

"Na mie ni Tusajigwe, niko na mashuka mpaka saa kumi," anaijibu, kisha anacheka peke yake. Wauguzi wanasema jibu hilo wanalisikia kila asubuhi na halijawahi kubadilika hata neno moja.

Anaitwa Tusajigwe Mwakifuna, na majirani wamelifupisha, ni Bi Tusa. Ni dobi wa zahanati moja binafsi yenye wodi ya wazazi huko Chamazi, pembezoni mwa Temeke. Amefua hapo miaka thelathini. Mshahara wake ni shilingi laki moja na themanini kwa mwezi, chumba analipia elfu arobaini, na Desemba mwaka huu, akitimiza miaka sitini, anastaafu. Mume alikwishatangulia mbele ya haki. Mtoto hana.

Alicho nacho ni wajina. Kwa hesabu yake ni thelathini na mmoja, na anawataja kwa kichwa huku anaanika: wa mvua za El Niño, wa siku umeme ulipofika Mbande, wale mapacha ambao mmoja tu alipata jina na mwingine akanuna mpaka leo.

Mwandishi alifika kwake kwa udadisi wa kawaida tu. Tusajigwe ni jina la Kinyakyusa, la kule Tukuyu kwenye ndizi na baridi. Ukilikuta Kyela hushangai. Lakini jijini wapo watu watatu wanaojulikana wenye jina hilo, mtangazaji wa redio, golikipa na wakili, na majina ya baba zao ni Mbwana, Kondo na Salumu. Wote ni watu wa Pwani kwa baba na mama, na wote walizaliwa Chamazi.

Walipoulizwa kila mmoja kwa wakati wake, wawili walitoa jibu lile lile: "Nenda kwa dobi." Wa tatu alisema nesi. Hilo tutalifikia.

Ilianza Aprili, miaka ishirini na tisa iliyopita, masika yamekaza. Mwanamke aliletwa kwa mkokoteni kutoka Mbande, uchungu umemshika shambani, mikono mitupu. Hakuwa na kanga, wembe wala kitambaa. Mkunga wa zamu alikuwa Demetria Rwegasira, wakati huo binti wa miaka ishirini na minne aliyekuja na basi kutoka Bukoba. Leo ndiye mkunga kiongozi.

"Mvua ilikuwa haijakatika siku tatu," anakumbuka Sista Demetria. "Kila shuka lilikuwa limelowa. Mtoto ametoka, analia, nami sina pa kumweka. Nikafungua mlango nikapiga kelele, nipeni nguo yoyote kavu! Tusa alikuwa amesimama kwenye baraza na beseni lake. Akavua kanga aliyojitanda, akanipa."

Mama na mtoto waliondoka na kanga hiyo. Siku ya arobaini, mama alipotoka nje kama ilivyo desturi, alirudi zahanati na kanga imefuliwa, imekunjwa, imefukizwa udi. Akauliza mwenye nayo ni nani. Sista Demetria akamjibu kwamba ni ya Tusajigwe, dobi.

"Basi kanga yake hii hapa," mama yule alisema, "na jina lake tumebaki nalo."

Mtoto huyo ndiye Tusajigwe Mbwana wa redioni.

Neno likasambaa, maana wanawake wa Chamazi hawana haja ya redio. Shoga alimwambia shoga kwamba kule zahanati kuna kanga ya dobi, mtoto akivikwa anakuwa na afya na ulezi wake unakuwa mwepesi. Waliokuja bila kitu walipewa. Waliokuja na vitu vyao nao wakaitaka.

"Mwingine ana doti mbili mpya mkobani, kazifunika kwa kitambaa," anasema Bi Tusa. "Anakwambia, sista, mie sina kanga. Sista anamwangalia tu. Haya, lete ya Tusa."

Na kwa kuwa kanga ilikwenda na jina, kila mtoto wa kike aliyevikwa alikuwa Tusajigwe. Wa kiume waliondoka na kanga tu. Kanga zilirudi siku ya arobaini, zote, na Bi Tusa anasema hajawahi kupotelewa na hata moja. Alinunua nyingine za mitumba ili zizunguke, akawa anazichemsha na kuzipiga pasi kila zinaporudi.

Mwalimu Didas Haule, aliyefundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi jirani, anakumbuka mwaka aliokuwa na Tusajigwe wanne chumba kimoja.

"Mie Mngoni, jina lenyewe ulimi unakataa, na wako wanne," anasema. "Nikawaita kwa madawati. Tusajigwe dirisha, Tusajigwe mlango, Tusajigwe kabati, na yule mtundu niliyemweka mbele, Tusajigwe ubao. Mpaka leo tukikutana barabarani namwita Ubao, na anaitika."

Tusajigwe Ubao ndiye golikipa.

Mwaka 2009 uongozi wa zahanati ulipiga marufuku nguo za kuazimana wodini. Kila mjamzito aje na zake. Bi Tusa hakubisha. Aliziweka kanga kwenye sanduku, akaendelea na mashuka.

Sasa tuje kwa hao wenye majina yao.

Mtangazaji Tusajigwe Mbwana amesimulia hewani, zaidi ya mara moja, kwamba ameitwa kwa heshima ya nesi shujaa aliyemwokoa yeye na mama yake. Bi Tusa amesikia kila mara.

"Nesi! Na mabeseni yangu haya!" anasema. "Sista Demetria ndiye aliyeokoa, mie nilitoa kanga. Nilimpigia simu nikamwambia, wajina, mie ni dobi. Akasema wajina, usijishushe. Nimemwacha. Mtu akishakupandisha cheo redioni utashukaje?"

Golikipa Tusajigwe Kondo alimkatia tiketi mwaka juzi, mechi ya wanawake katika uwanja wa hapo hapo Chamazi. Bi Tusa hakuwa amewahi kuingia uwanjani ingawa kelele zake huzisikia akiwa anafua. Mgongoni mwa jezi ya kijani pameandikwa jina moja tu. Dakika za mwisho golikipa akadaka penalti, na jukwaa zima likaanza kuita Tusajigwe, Tusajigwe.

"Nikasimama," anasema Bi Tusa. "Nilidhani naitwa. Nikasimama na pochi yangu, najiuliza nimefanya nini. Dada mmoja akanivuta kanga, mama kaa, hatuoni."

Hadithi ya wakili anaisimulia kwa sauti nyingine.

Tusajigwe Salumu ana ofisi Kinondoni na kibao cha shaba mlangoni. Mwaka jana alijifungua hospitali kubwa ya mjini, na siku ya arobaini akaendesha gari mwenyewe mpaka Chamazi. Alibeba doti mpya, mchele, mafuta na kichanga. Akampakatisha dobi mtoto pale pale kwenye kamba za nguo.

"Wajina," alimwambia, "nimekuletea wajina."

Mtoto ameitwa Tusajigwe. Bi Tusa alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani.

"Nilifikiria sana," wakili anasema ofisini kwake. "Nilitaka nimpe kitu ambacho hawezi kukiuza wala hakichakai. Hana mtoto. Nikaona nimwongezee jina."

Gari lilipoondoka, Sista Demetria alimkuta dobi ameketi kwenye karo la kufulia, anabubujikwa na machozi. Akampa pole na hongera kwa pamoja, akaenda zake. Alidhani ni furaha.

Mwandishi naye alidhani hivyo, na makala haya yangeishia hapo, na msomaji angekunja gazeti akaenda kunywa chai. Lakini siku ya tatu ya mazungumzo, Bi Tusa alizima redio, kitu ambacho hakuwa amekifanya siku mbili zote, akasema: "Ile kanga haikuwa yangu."

Ilikuwa ya mama yake, Lusungu.

Mwaka 1989 Tusajigwe, binti wa miaka ishirini na mitatu, alipanda basi Tukuyu kumfuata mume aliyepata kazi ya ulinzi Dar es Salaam. Mama yake alimsindikiza mpaka stendi. Lusungu alikuwa mfuaji pia. Alifua nguo za walimu wa misheni, na hakuwa na mtoto mwingine.

"Basi linanguruma, mama akavua kanga zake, aliyojifunga na aliyojitanda, doti nzima, akanifunga kama mtoto," anasema. "Akabaki na gauni. Baridi ya Tukuyu mwezi wa sita unaijua? Huijui. Nikamwambia mama utaumwa. Akasema mie nina moto jikoni, huko uendako sijui kama kuna moto."

Lusungu alifariki miaka miwili baadaye. Barua ilifika Dar wakati matanga yameshaanuliwa.

Kwa desturi ya kwao, kama ilivyo kwa wengi nchini, aliyefariki jina lake huinuliwa kwa mjukuu. Tusajigwe alishika mimba tatu. Hakuna iliyofika. Baada ya ya tatu daktari alimwambia asijaribu tena, na jina la Lusungu likakosa pa kukaa.

Halafu ikaja ile masika, na yule mama wa Mbande akiuliza kanga ni ya nani.

"Nilikuwa nimesimama pale pale," anasema Bi Tusa. "Mdomo huu! Ningesema tu, ni ya mama yangu, anaitwa Lusungu, leo redioni angekuwa Lusungu. Uwanjani wangeita Lusungu. Nikanyamaza. Nina miaka thelathini, sina mtoto, mtu anampa mwanawe jina langu. Nilinogewa, baba. Kila alipozaliwa mwingine nasema huyu nitasema, huyu nitasema. Ndio hao thelathini na mmoja. Nimekula jina la mama yangu mpaka nimelimaliza."

Wakili alipomleta mtoto wake, Bi Tusa alikuwa amengoja miezi tisa akiamini kwamba safari hii litakuwa la mama. Alijiambia kwamba wajina ni mtu mmoja katika miili miwili, na mama wa mmoja ni mama wa mwenzie. Wakili ni msomi, ataliona. Wakili hakuliona. Angelionaje, na hakuna aliyemwambia?

Kwa nini basi hakumwambia?

"Jina haliombwi," anajibu. "Linatolewa. Ukiomba, unamfunga mtu, na mtoto anakuwa kama amewekwa rehani. Mie sijaomba hata moja katika yote yale."

Aliulizwa kama habari ya wakili iachwe nje ya gazeti. Akaanika foronya mbili.

"Andika," alisema. "Ila akisoma asijisikie vibaya. Mwambie binti yake ni wa kwangu vilevile, namhesabu wa thelathini na mbili."

Alhamisi ni siku ya kliniki ya wajawazito. Saa nne anaingia uani msichana mwenye mimba ya miezi saba, viatu mkononi, na mfuko wa nyanya masalo, zile zilizobaki bila mnunuzi.

"Shikamoo wajina."

"Marahaba wajina. Umekula?"

Huyu ni Tusajigwe Likwepa, ana miaka ishirini na miwili, anauza nyanya soko la Tandale. Jina lake halijawahi kutajwa redioni. Mama yake, Hamida, alikuja Dar kutoka Masasi akafanya vibarua vya mihogo Chamazi, na alipojifungua hakuwa na kitu. Tandale kuna kliniki, tena karibu, lakini kila mwezi binti anakatiza jiji zima kuja hapa.

"Nimezaliwa hapa, na huyu atazaliwa hapa," anasema. "Halafu nisipomwona wajina presha inapanda. Muulize sista."

Anavuta ndoo, anaigeuza, anaketi, kisha anaona mashuka yamekauka na anainuka tena. Kukunja shuka kunataka watu wawili. Kila mmoja anashika kona zake, wanavuta, wanakutanisha, wanarudi nyuma. La kwanza wanazungumzia bei ya tenga. La pili wanamsengenya dalali mmoja wa Tandale. La tatu wanaliweka juu ya mengine.

La nne limenyooka kati yao, Bi Tusa hasogei.

"Wajina."

"Abee."

"Jina umeshapata?"

"Kwao Rogers wameshatoa," anasema binti. Rogers ni mumewe, mpakiaji wa malori hapo hapo sokoni. "Mtoto wa kwanza ni wa kwao, si unajua. Wa kiume Brightson, wa kike Sesilia, bibi yake Rogers. Mama mkwe ameshatangaza mpaka kanisani."

"Eeh," anasema Bi Tusa. "Jina zuri."

Anasogea, anakutanisha kona. Mwandishi aliyeketi kando aliona kwamba limekwisha, kwamba hili nalo atalimeza kama alivyomeza ya wenzake. Shuka limekunjwa nusu. Bi Tusa amelishika kifuani na haliweki.

"Nina ombi," anasema. "Sijawahi kuomba kitu kama hiki, na ukikataa tutakunja mashuka yetu, hakuna neno."

Akamweleza. Hakueleza kwa urefu, sentensi saba au nane, stendi, kanga, mvua, na ule unyamavu wake pale na beseni. Binti alisikiliza mdomo wazi.

"We wajina! Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Kwa hiyo mie natembea na jina la mtu siye? Kanga ya bibi, jina lako?"

"Ndiyo hivyo. Nisamehe."

Tusajigwe wa nyanya akacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka Sista Demetria akatoa kichwa nje kuuliza kama ni uchungu. Kisha akajifuta macho kwa kiganja.

"Sasa nisikilize," alisema. "Mie na mama mkwe hatugombani kwa ajili ya cheti. La kwao litakaa kwenye cheti, na cheti kinakaa chini ya godoro. Mtoto atashinda wapi? Na mie sokoni. La kumwitia nachagua mie."

"Utamwita?"

"Kutwa! Lusungu, toka kwenye nyanya! Lusungu, njoo ule! We Lusungu, nitakuchapa! Tandale nzima italijua hilo jina, mpaka wapagazi walichoke."

Bi Tusa alifunika uso kwa shuka safi alilokuwa amelishika. Alipoufunua alisema "ndaga," asante ya kwao, kisha akaisema tena, na shuka likabidi lirudi kwenye beseni.

"Na akija wa kiume?" binti akauliza.

"Kwetu Lusungu ni la wote, wa kike na wa kiume."

"Haya basi. Lete lingine, foleni ya kliniki itanipita."

Binti alipokwenda kupimwa, Bi Tusa aliingia stoo akatoka na sanduku la bati. Katika ile doti ya stendi ya Tukuyu imebaki kanga moja, nyingine ilichakaa ikaisha. Rangi imekwisha, maandishi hayasomeki, na ukiiinua juani unaona mkono wa upande wa pili. Hakuna binti aliyevikwa hiyo tangu mwaka 2009.

Sista Demetria anasema haitaingia chumba cha kujifungulia, sheria ni sheria. "Lakini mama akisharuhusiwa," anaongeza, "akifika getini, mie huwa naangalia upande wa pili."

Mtoto anatarajiwa katikati ya Novemba. Siku ya arobaini itaangukia wiki ya mwisho ya Desemba, wakati dobi anakabidhi beseni. Mipango ya kustaafu hana mingi. Atahamia chumba cha bei nafuu Mbande, atafua nguo za watu wachache, na siku za soko atapanda gari kwenda Tandale kukaa pembeni ya meza ya nyanya. Anataka kusikia likiitwa.

Anaitumbukiza kanga kwenye maji ya moto ingawa ni safi, anaisuuza mara tatu, anaianika peke yake kwenye kamba ya mbele. Binti anatoka kliniki na kadi mkononi, anaitazama.

"Nitaileta siku ya arobaini, wajina. Nimeifua na nimeifukiza."

"Siku ya arobaini njoo na mtoto," anasema Bi Tusa. "Hiyo usinirudishie."